Bati la mita tatu linapotoka fupi: jinsi mtambo unavyojua mahali pa kukata

Fundi wa paa akishapanga mabati juu ya kenchi, ukingo wa chini haufichi kitu. Bati moja likizidi jingine kwa sentimita moja, mstari wa juu ya varanda unaonekana umepinda hata kwa mtu anayepita barabarani. Mwenye nyumba atamlaumu fundi, fundi atamlaumu mwenye duka, na mwenye duka akipeleka malalamiko kiwandani ataambiwa kisu kimechakaa. Kisu karibu kila mara kinasingiziwa. Kisu butu huacha ukingo wenye ncha kali na huponda migongo ya bati, lakini hakina uwezo wa kulirefusha wala kulifupisha kwa sentimita nzima. Urefu unakuwa umeshaamuliwa kabla kisu hakijashuka. Unaamuliwa na mambo mawili: nani anapima bati linalopita, na bati linasimamaje likishafika.

Nitayaeleza mambo haya kupitia mtambo wa mabati, kwa sababu ndio mtambo wa kukata wenye ulishaji wa kujiendesha ulioenea zaidi katika miji yetu, kuanzia viwanda vikubwa hadi karakana za pembezoni mwa mji zinazokata bati huku mteja akisubiri na gari lake. Ukiuelewa huo, mitambo mingine ya kukata mbao, plastiki au karatasi haitakuwa migeni kwako.

Henry Robinson Palmer alipopata hataza ya bati la mikunjo jijini London mwaka 1829, bati lilikuwa kipande kilichokwisha kukatwa, kikakunjwa baadaye. Siku hizi mpangilio umegeuka. Chuma huja kikiwa koili, yaani utepe mrefu uliozungushwa, ambao mara nyingi huwa na uzito wa tani kadhaa. Koili huvishwa kwenye mhimili wake, utepe ukaingizwa katikati ya safu ya rola zinazoukunja kidogo kidogo hadi migongo itokeze, na mwishoni kuna kisu cha haidroliki chenye umbo lile lile la migongo. Opereta anabonyeza kwenye kioo: mita 3, vipande 50. Kuanzia hapo mtambo unalisha, unasimama, unakata, unalisha tena.

Hesabu ya fedha iliyojificha humo si ndogo. Chukua utepe wa geji 30, unene wa takriban milimita 0.3, wenye upana wa milimita 914. Mita moja yake ina uzito wa kilo 2.15 hivi. Koili ya tani 4 ina karibu mita 1,860, sawa na mabati 620 ya mita 3. Kiwanda kinachoogopa malalamiko kikaamua kuzidisha milimita 20 kwa kila bati, kitakuwa kimegawa bure zaidi ya mita 12 kwa kila koili, yaani mabati manne. Kiwanda kinachopunguza kinapata mabati manne yasiyo yake, na paa la mtu linavuja pale bati la juu lilipotakiwa kulalia la chini. Ndiyo maana ninaona suala hili ni la haki kwa mnunuzi kama lilivyo la ufundi.

Gurudumu linalopima

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kuhesabu mizunguko ya mota. Mota inazungusha rola, rola zinavuta bati, kwa hiyo mizunguko kadhaa ni mita kadhaa. Kwenye mtambo wa kukunja mabati njia hii haiaminiki, na sababu yake inaonekana ukiikagua rola moja kwa karibu. Rola ina sehemu nene inayosukuma bonde la bati na sehemu nyembamba inayopokea mgongo. Zote ziko kwenye shafti moja, zinazunguka pamoja, lakini uso wa sehemu nene unakwenda kasi kuliko uso wa sehemu nyembamba. Bati ni moja na lina mwendo mmoja tu. Basi ni lazima sehemu fulani za rola ziwe zinateleza juu ya bati muda wote. Kiasi cha kuteleza kinabadilika bati likiwa na mafuta, likiwa limepakwa rangi, rola zikikazwa au zikilegezwa. Ukipima mota unapima nia ya mtambo. Bati lenyewe halijapimwa.

Dawa yake ni gurudumu dogo la kupimia, lisilovutwa na kitu chochote isipokuwa bati lenyewe. Spring'i hulikandamiza juu ya utepe, mara nyingi pale unapokuwa bado bapa, na kwenye shafti yake kuna enkoda: kifaa kinachotoa mapigo ya umeme kila kinapozunguka. Tuseme gurudumu lina mzingo wa milimita 200 na enkoda inatoa mapigo 1,000 kwa mzunguko. Enkoda nyingi za viwandani zina njia mbili za mapigo zinazopishana kidogo, hivyo kaunta ikihesabu kila kupanda na kila kushuka kwa njia zote mbili inapata hesabu 4,000 kwa mzunguko. Kila hesabu moja ni milimita 0.05 za bati. Bati la mita 3 ni hesabu 60,000 kamili.

Zile njia mbili zina kazi nyingine ambayo mafundi wengi huipuuza. Kutokana na njia ipi iliyotangulia, kaunta inajua gurudumu linakwenda mbele au linarudi nyuma. Kisu kinapopiga, bati hutikisika na kurudi nyuma kidogo kabla ya kutulia. Kaunta inayosoma njia zote mbili inaongeza na kupunguza, na mwisho wa mtikisiko inabaki na hesabu sahihi. Waya wa njia moja ukikatika na fundi akaunganisha ile moja iliyobaki ili kazi iendelee, kila mtikisiko utahesabiwa kuwa ni mwendo wa mbele. Mtambo utaamini bati limekwenda zaidi ya lilivyokwenda, na mabati yatatoka mafupi, kila moja kwa kiasi chake.

Kuna kosa jingine linalotokea enkoda inapohamishiwa kwenye PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mtambo. PLC husoma milango yake ya kawaida kwa mizunguko, tuseme mara moja kila milisekunde 10. Bati likienda mita 12 kwa dakika, enkoda yetu inatoa mapigo 1,000 kwa sekunde kwenye kila njia. Mlango wa kawaida hauwezi kuyaona. Yanatakiwa kuingia kwenye mlango wa kaunta ya kasi, ambao unahesabu peke yake bila kungoja zamu. Mtu akiweka waya kwenye mlango usio wake, mapigo mengi yanapotea na bati linaendelea kutoka hadi opereta aukimbilie mtambo na kuuzima.

Lakini adui wa kila siku wa gurudumu ni uchakavu na uchafu. Gurudumu la mzingo wa milimita 200 lina kipenyo cha milimita 63.7 hivi. Likilika milimita 0.2 tu ya kipenyo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, mzingo unapungua kwa milimita 0.63. Kwenye bati la mita 3 gurudumu linazunguka mara 15, kwa hiyo bati linatoka fupi kwa zaidi ya milimita 9. Utando wa vumbi na mafuta ulioganda juu ya gurudumu unafanya kinyume: kipenyo kinakua, bati linakuwa refu. Kitambaa kikavu mwanzoni mwa zamu kinaokoa chuma kingi kuliko mtu anavyoweza kudhani.

Jua nalo hulaumiwa. Husemwa kwamba mabati ya mchana ni marefu kwa sababu chuma kimetanuka. Chuma hutanuka kwa takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tofauti ya nyuzi 20 kwenye bati la mita 3 ni milimita 0.7. Ukiona tofauti ya milimita 8 kati ya asubuhi na mchana, acha kulitazama jua, kagua gurudumu, mafuta ya haidroliki na breki.

Kusimama

Kujua kwamba hesabu 60,000 zimetimia hakutoshi, kwa sababu chuma kilicho katika mwendo hakisimami kwa amri. Umbali wa kusimama unategemea mraba wa mwendo. Mtambo unaokwenda mita 12 kwa dakika ni mita 0.2 kwa sekunde. Ukipunguza mwendo kwa kiwango cha mita 0.4 kwa sekunde kila sekunde, utahitaji milimita 50 hadi kusimama. Pandisha mwendo hadi mita 24 kwa dakika, na umbali unakuwa milimita 200, mara nne, ingawa mwendo umezidi mara mbili tu. Hapa ndipo mwenye kiwanda anayeagiza mtambo uongezwe kasi Ijumaa jioni anaposhangaa mabati ya Jumamosi.

Kwa hiyo mtambo hufanya anachofanya dereva wa basi anayekaribia kituo: hupunguza mwendo mapema. Inverta, kifaa kinachobadilisha masafa ya umeme unaoingia kwenye mota, inaendesha bati kwa kasi kubwa hadi zibaki kama milimita 250, kisha inaishusha hadi mwendo wa kutambaa, tuseme mita 2 kwa dakika. Kwa mwendo huo na breki ile ile, umbali wa kusimama ni milimita 1.4. Namba zote mbili, mahali pa kuanzia kupunguza na mwendo wa kutambaa, zipo kwenye ukurasa wa mipangilio. Opereta mwenye haraka hupandisha mwendo wa kutambaa ili aokoe nusu sekunde kwa kila bati, na anayepokea hasara ni mtu wa juu ya paa.

Mwendo mdogo unasaidia kwa njia nyingine iliyo muhimu zaidi, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie. Kati ya hesabu kutimia na bati kusimama kuna ucheleweshaji: PLC imalize zamu yake, kontakta (swichi ya umeme inayovutwa na sumaku) ivute, breki ishike, vali inayopitisha mafuta ya haidroliki ifunguke. Ucheleweshaji wenyewe si tatizo. Ukijua kwamba kila mara bati huzidi milimita 4, unauambia mtambo usimame milimita 4 kabla, na mambo yamekwisha. Tatizo ni ucheleweshaji usiofanana. Kontakta iliyochakaa ikivuta leo kwa milisekunde 20, dakika inayofuata kwa milisekunde 40, kwa mwendo wa mita 0.2 kwa sekunde tofauti hiyo ni milimita 4 ambazo hakuna namba inayoweza kuzisahihisha. Kwa mwendo wa kutambaa tofauti hiyo hiyo ni chini ya milimita 0.7. Kosa linalojirudia kwa kiasi kile kile husahihishwa kwenye kioo. Kosa linaloyumba husahihishwa kwa spana, kwa kubadilisha kipuri au kwa kupunguza mwendo, na mtu anayelikimbiza kosa linaloyumba kwa kubadilisha namba atalikimbiza siku nzima.

Namna ya kulitambua kosa ni rahisi na haihitaji kifaa zaidi ya tepu nzuri ya kupimia. Kata mabati matano ya mita 2 na matano ya mita 6 bila kugusa kitu chochote katikati. Pima yote. Kwanza angalia kama matano ya urefu mmoja yanafanana. Yakitofautiana kwa milimita 5 au 6 yenyewe kwa yenyewe, acha namba, nenda kwenye mtambo: gurudumu linaruka, spring'i imelegea, breki inateleza, kontakta imechoka. Yakifanana, endelea.

Tuseme mabati yote ya mita 2 yametoka milimita 2,008 na yote ya mita 6 yametoka milimita 6,016. Mtu wa haraka angepunguza milimita 8 na kuridhika, kisha angeshangaa mabati marefu bado yanazidi. Tazama tofauti: bati lilipoongezeka mita 4, kosa liliongezeka milimita 8. Maana yake kuna milimita 2 za kosa katika kila mita, na hilo ni kosa la mzingo wa gurudumu. Kwenye bati la mita 2 kosa hilo linachangia milimita 4, na milimita 4 zinazobaki hazitegemei urefu. Hizo ni za kusimama. Basi masahihisho ni mawili: mzingo ulioandikwa milimita 200.0 uandikwe 200.4, na mtambo uambiwe usimame milimita 4 mapema. Kata tena urefu wote wawili uhakikishe. Nimewaona mafundi wazuri wakitumia nusu siku kwa jambo ambalo mabati kumi na hesabu ya kutoa yangelimaliza kabla ya chai.

Kisu kinachokimbia

Kusimama kwa kila bati kuna bei yake. Rola zinaanza na kusimama, mota inapata joto, na kazi haiwezi kuzidi kiwango fulani. Tena koili ya tani 4 haipendi kuvutwa na kuachwa mara 10 kwa dakika. Inaendelea kuzunguka kwa nguvu yake yenyewe na kumwaga utepe sakafuni. Kwa hiyo mitambo yenye kasi huacha utepe ulegee na kuning'inia kati ya koili na rola, mara nyingi ndani ya shimo lililochimbwa sakafuni. Sensa zinaangalia kina cha mning'inio huo. Ukizama sana, koili inapunguza mwendo. Ukipanda, koili inaongeza. Hivyo koili inazunguka polepole bila kukatizwa, na rola za mbele zinachukua utepe kwa vishindo zinavyotaka.

Mning'inio huu ni wa lazima kwenye mashine za kutoboa na kukata vipande vidogo, ambako rola mbili zinazoendeshwa na mota ya servo hubana utepe na kuusukuma kwa hatua. Mashine ikipiga mara 60 kwa dakika, kila pigo ni sekunde moja, na nusu yake kifaa cha kukatia kiko chini, hakuna ruhusa ya kusogeza. Hatua ya milimita 100 lazima iishe ndani ya nusu sekunde: kuongeza kasi robo sekunde hadi mita 0.4 kwa sekunde, na kupunguza robo sekunde hadi sifuri. Servo inalinganisha mahali ilipo na mahali inapotakiwa kuwa maelfu ya mara kwa sekunde na kujirekebisha njiani, jambo ambalo mota ya kawaida yenye inverta haiwezi kulifanya kwa usahihi huo. Mwendo wenyewe hupangwa upande na kushuka kwa ulaini, maana kishindo cha ghafla hufanya utepe uteleze katikati ya rola, na mtelezo huo enkoda ya servo haiuoni.

Njia ya pili ni kuacha bati lisisimame kabisa. Kisu huwekwa juu ya kitoroli kinachokimbia sambamba na bati. Kitoroli kinaongeza kasi hadi kilingane na bati, kinakata vikiwa kwenye mwendo mmoja, kinapunguza, kisha kinarudi mwanzo kungoja zamu nyingine. Hesabu yake inavutia. Bati likienda mita 60 kwa dakika, yaani mita 1 kwa sekunde, na kitoroli kikiweza kuongeza kasi kwa mita 4 kwa sekunde kila sekunde, kinahitaji robo sekunde kulifikia bati. Kukata tuseme kunachukua sekunde 0.3, na kusimama robo sekunde nyingine. Kitoroli kimesafiri milimita 550, na kurudi kwa nguvu ile ile kunachukua karibu sekunde 0.74. Jumla ni kama sekunde 1.5. Kwa hiyo kwa mwendo huo hakuna namna ya kukata bati fupi kuliko takriban mita 1.5. Mteja akitaka vipande vya mita 1, ni lazima mwendo wa laini nzima upunguzwe, hata kama mota zina nguvu za kutosha. Muuzaji wa mitambo akikutajia kasi bila kukutajia urefu mfupi unaowezekana kwa kasi hiyo, amekupa nusu ya habari.

Makosa yanayorundikana

Bati lina bahati moja: kosa la kila kipande ni la kipande hicho. Mtambo ukishakata unaanza kuhesabu kutoka sifuri. Mashine ya kufunga unga au maziwa kwenye karatasi ya plastiki iliyochapwa haina bahati hiyo, kwa sababu picha zilishachapwa kiwandani kwingine na zinakuja moja baada ya nyingine. Pakiti ikiwa ya milimita 300 na mashine ikalisha milimita 300.5, pakiti ya kwanza haionyeshi kitu. Ya mia moja imekatwa milimita 50 kutoka mahali pake, na jina la unga limegawanyika pakiti mbili.

Kwa hiyo kwenye ukingo wa plastiki huchapwa alama ndogo nyeusi, na jicho la mwanga linaisubiri. Mashine hailishi urefu tu. Kila alama inapopita inalinganisha ilipoonekana na ilipotarajiwa, kisha inasahihisha pakiti inayofuata. Sensa huamriwa ifumbue jicho pale tu alama inapotarajiwa, ili isidanganywe na maandishi meusi ya picha. Masahihisho nayo hufanywa kwa sehemu, si yote kwa mara moja, vinginevyo mashine itazidisha huku, ipunguze kule, na plastiki ianze kuvutika na kulegea. Tatizo likitokea, mara nyingi ni jicho lililojaa vumbi la unga.

Pale mzigo unapoamua mwendo

Hadi hapa swali lilikuwa ni wapi pa kukata. Kwenye msumeno swali kuu ni kwa kasi gani. Ukataji wa mbao unatawaliwa na kiasi ambacho kila jino linachukua. Msumeno wa duara wenye meno 40 unaozunguka mara 1,500 kwa dakika unapitisha meno 60,000 kila dakika. Ukilisha gogo mita 30 kwa dakika, kila jino linang'oa nusu milimita. Ukilisha haraka kupita kiasi, unga wa mbao unajaa katika pengo la meno, msumeno unapata joto na kuyumba, ubao unatoka na mawimbi. Ukilisha polepole mno, jino linasugua badala ya kukata, nalo linakuwa butu mapema. Watu wengi wanadhani polepole ni salama siku zote. Kwa meno ya msumeno sivyo.

Kwenye mashine ndogo zinazoitwa dingdong, zilizojaa kuzunguka msitu wa Sao Hill huko Mufindi, mlishaji ni binadamu. Anasikia sauti ya injini ikizama na anapunguza kusukuma. Mitambo ya kujiendesha inaiga sikio lake kwa kupima umeme unaoliwa na mota ya msumeno. Mzigo ukipita kiwango kilichowekwa, inverta ya rola za kulishia inapunguza mwendo, ukishuka, inaongeza. Hapa kuna mtego. Mota za kawaida za viwandani hula ampea nyingi hata zikizunguka bure, hivyo kwa mzigo mdogo ampea hazisemi ukweli. Afadhali kupima kilowati, ambazo zinafuata kazi halisi. Mtego wa pili ni kuchelewa: fundo la mti likiingia, mzigo unapanda kabla rola hazijapunguza, kisha zinapunguza kupita kiasi, kisha zinaongeza kupita kiasi, na mtambo unabaki ukipumua juu na chini. Mpangilio unaofaa ni kupunguza haraka na kuongeza taratibu. Viwanda vya sukari vinatumia wazo hilo hilo: mkanda unaopeleka miwa kwenye visu unapunguza mwendo mota za visu zinapozidiwa, kabla miwa haijakwama na kusimamisha kiwanda kizima.

Kelele, giza na mikono

Kuna makosa yasiyoelezeka kwa gurudumu wala breki. Mabati yanatoka sawa kwa saa nzima, kisha moja linatoka fupi kwa milimita 70 bila sababu. Fungua boksi la umeme utazame nyaya zimepitaje. Waya wa enkoda ukilazwa pamoja na waya unaotoka kwenye inverta kwenda kwenye mota, mikurupuko ya umeme wa inverta, yaani kelele ya umeme, inaingia kwenye waya wa enkoda na kuhesabiwa kama mapigo. Nyaya hizo zitenganishwe, wa enkoda uwe wenye ngao ya chuma, na ngao hiyo iunganishwe vizuri na ethi. Ikiwezekana itumike enkoda inayotuma kila pigo kwa nyaya mbili zinazopingana, ili kaunta isome tofauti yao na kuipuuza kelele inayoingia kwenye zote mbili kwa pamoja.

Umeme ukikatika katikati ya bati, kaunta inaweza kukumbuka namba ya mwisho, lakini bati liliendelea kuteleza kidogo huku enkoda haina umeme wa kulihesabu. Umeme ukirudi, usimalizie bati hilo. Kata, weka kipande pembeni, anza sifuri.

Kuhusu mikono, mtambo wa kulisha wenyewe una hatari ambayo mashine ya mkono haina: unanyamaza, mtu anadhani umezimwa, kumbe unangoja sensa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinamtaka mwajiri kuzingira sehemu hatari za mashine. Pazia la mwanga mbele ya kisu, yaani safu ya miale inayosimamisha kisu mkono unapoikatiza, ni kinga nzuri, mradi limewekwa mbali vya kutosha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13855 kinachukulia kwamba mkono ulio karibu unasogea milimita 2,000 kwa sekunde. Kisu kikihitaji sekunde 0.15 kusimama kabisa tangu mwanga ukatizwe, pazia liwe angalau milimita 300 kutoka kwenye kisu, na nyongeza kutegemea udogo wa kitu ambacho pazia linaweza kukigundua. Vali ikichakaa, muda ule unaweza kufika sekunde 0.25 bila mtu kutambua, kwa kuwa mabati bado yanatoka na urefu sahihi. Umbali unaotakiwa sasa ni milimita 500. Pazia lililofungwa milimita 350 siku mtambo uliponunuliwa linapitwa na mkono unaofika kwenye kisu ndani ya sekunde 0.175, kisu kikiwa bado kinashuka. Muda wa kusimama kwa kisu upimwe kwa kifaa kila mwaka, na kila mara vali inapobadilishwa, kisha tarehe na namba viandikwe kwenye mlango wa boksi la umeme ambapo fundi wa zamu yoyote ataviona.